Sauti Isiyotaja Siku

BUTEMBO. Ni saa mbili za asubuhi. Ukungu bado umekalia vilima vya mji na vumbi jekundu la barabarani limelowa umande. Katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja cha hapa mjini, Hadidja anapitisha kitambaa juu ya skrini ya mwisho, anajifunga mtandio wake vizuri, kisha anainua simu yake juu ili kila mtu aione.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi wamebanana watatu watatu kwa kila mashine. Wengine wanapiga miayo waziwazi. Kwenye benchi la nyuma kabisa ameketi mwanamume mwenye mvi kidevuni, kofia yake ameiweka magotini. Si mwanafunzi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni nani.

Hadidja anabonyeza. Sauti ya mwanamume inajaa chumbani, nzito, yenye kicheko ndani yake.

"Bandugu bashofere, nashapita! Njia iko safi, mukuye tu bila wasiwasi. Miye niko nakunywa chai hapa Beni."

Ni sauti ile ile aliyowatumia asubuhi hii kwenye kundi la darasa, bila maelezo yoyote.

"Sasa muniambiye," anasema. "Uyu mutu alipita lini?"

"Leo, madame!" wanajibu karibu wote. Msichana wa mstari wa mbele, Hadassa, anaonyesha simu yake kama ushahidi: ujumbe umeingia leo, saa imeandikwa pale chini.

Hadidja anatikisa kichwa.

"Ile njo saa yenye miye niliituma. Siku yenye yeye alisema, hakuitaja. Na kuko mutu mwenye aliisikiyaka, akaondoka, hakurudiya tena ku nyumba. Alikuwa bwana yangu."

Miayo inakatika. Nyuma kule, mwanamume mwenye kofia magotini anaangalia sakafu. Jina lake ni Lukman, na sauti iliyotoka simuni ni yake.

Hadidja ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Beni, katika komuni ya Ruwenzori, katika nyumba ya wauza vitenge. Baba yake alitaka ashike duka, yeye akashikilia kompyuta, na mwishowe mzee akakubali shingo upande. Aruna, dereva wa lori, alimwoa akamleta Butembo, na hapo chuo kikampa funguo za chumba hiki.

Kina mashine kumi na nne. Zinazowaka ni tisa, na umeme ukikatika hata hizo tisa huwa mapambo. Mshahara wake haufiki dola mia moja na hamsini kwa mwezi, na huo nao huja unapojisikia kuja. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha wanafunzi wa sehemu ya kompyuta peke yao: kuandika barua, kupanga safu za hesabu, na kuwafukuza waliojipenyeza kutazama mpira. Wauguzi, wanasheria na watu wa kilimo walipita mlangoni wakamsalimu, basi.

Aruna alifundishwa kushika usukani na kaka yake, huyu huyu Lukman. Wote wawili walikula na kulisha watoto kwa barabara ya Butembo na Beni. Barabara yenyewe si ndefu. Gari zima huimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kinachotisha ni watu wenye silaha, wanaotokea porini bila hodi.

Kwa sababu hiyo madereva walijitengenezea desturi yao. Anayetangulia kupita asubuhi huwatumia wenzake sauti. Wanaosubiri na mizigo yao hawawashi injini mpaka waisikie. Na si kila sauti iliyoaminiwa, maana wapo madereva wanaosema njia iko safi wakiwa bado kitandani. Ya Lukman iliaminiwa kuliko zote.

"Kaka Lukman akisema, ilikuwa imeisha," Hadidja anasema. "Hata bamama ba sokoni balikuwa nangojeya sauti yake mbele ya kupakiya."

Jina lake hakulitaja, kwa kuwa nani asiyeijua sauti hiyo? Siku hakuitaja pia, kwa kuwa aliyesikia alisikia siku ile ile. Ndivyo walivyozoea wote, na kwa muda mrefu mazoea hayo hayakumdhuru mtu.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, Lukman alipanda Kipese kupakia viazi. Kule milimani mtandao huja na kwenda upendavyo, na simu yake ikawa haipatikani. Aruna alikuwa Butembo na lori lililojaa kabichi, na kabichi hazijui kungoja. Asubuhi moja sauti ya kaka yake ikaingia kwenye kundi la madereva. Tarehe ya chini ilikuwa ya siku hiyo. Sauti yenyewe ilikuwa ya juma lililopita.

Ilikuwa imepita makundi mengi; ni nani aliyeanza kuisambaza upya? Mpaka leo hakuna anayejua. Huenda alitaka kusaidia. Huenda kidole kiliteleza tu.

Aruna hakuona sababu ya kutilia shaka. Alijua kaka yake angeshuka kutoka Kipese siku yoyote; akadhani amepita Butembo mapema, bila kusimama, na sasa yuko Beni anapumzika.

"Alinitiliya telefone ku sikio, niko namimina chai," Hadidja anasimulia. Macho yake yako dirishani. "Akacheka. Akasema, 'Uko nasikiya? Kaka alishafika, miye niko hapa kama bibi arusi.' Nikamwambiya, basi enda, Mungu akulinde. Miye mwenye nafundishaka batoto ba batu ordinateur! Sikuuliza ile sauti ilitoka wapi. Niliisikiya iko ya kaka, nikaona inatosha."

Lori lilikutwa kandokando ya barabara, limeungua pamoja na kabichi zake. Aruna alizikwa jioni hiyo hiyo.

Lukman hakuwahi mazishi. Alisikia habari akiwa anashuka na viazi vyake, kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, ambako watu walimtazama kwa macho ya ajabu. Kijana mmoja akamwuliza kama si yeye aliyesema njia iko safi. Kisha, ili asikatae, wakamsikilizisha sauti yake mwenyewe.

Baada ya siku hiyo alirudisha funguo za gari kwa mwenye nalo. Sasa anaziba matairi Beni. Hajatuma sauti kwa mtu yeyote, si ya salamu, si ya pole, si hata ya Idi. Mtu aliyekuwa akichekesha kituo kizima, siku hizi akikusalimu inabidi uiname ndipo umsikie.

Hadidja alikaa eda yake mpaka mwisho. Anasema siku zile za kukaa ndani ndizo zilizomfikirisha. Alipotoka, kabla hata ya kushika funguo za chumba chake, alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa masomo, Kamate, akamwomba somo jipya, tena si kwa wanafunzi wa kompyuta pekee. Alilitaka kwa wote.

Kamate, mzee wa kanisa mwenye kupima maneno, anakiri kwamba alimkatalia.

"Nilimwambiya, Mama Hadidja, programme imejaa. Infirmier anapashwa kujuwa sindano. Mambo ya ordinateur iko ya section yake," anasema. "Akaniangaliya, akasema, 'Iyi haiko mambo ya mashine, Monsieur. Bwana yangu alikuwaka na telefone muzuri sana.' Nikamupatiya saa moja ku juma, kila section na zamu yake, mwaka moja wa kujaribu."

Mwaka huo unakaribia kwisha. Baraza la chuo litakaa na kuamua kama saa hiyo ibaki au ifutwe.

Somo lenyewe ni maswali matatu, na Hadidja huyarudia mpaka wanafunzi wayaote. Nani anasema? Alisema lini? Aliona mwenyewe, au aliambiwa? Kwa wanafunzi wa kilimo huleta picha ya mihogo iliyooza, inayosambazwa kama ya huku kumbe ilipigwa nchi nyingine kabisa. Wanasheria huwapa kifungu kilichokwisha kubadilishwa, wakakitetea kwa jasho kabla hawajagundua. Wauguzi huwapa ujumbe wa dawa ya homa usio na jina la mtu wala la hospitali. Huwaonyesha namna ya kufuatilia picha mpaka mahali ilipoanzia, na namna ya kujua kitabu kipi cha mtandaoni kina mwenyewe na kipi ni yatima.

Mwanafunzi mmoja wa kilimo, aliyekwisha kulipitia somo, anasema nyumbani kwao wameanza kumwogopa. "Mama akipata message, ananiitaka kwanza. Anasema, kuya uiulize ile maswali yako, mbele ya kuitumiya bandugu."

Lakini sauti ya Lukman ndiyo iliyokuwa roho ya somo. Hadidja alijaribu kuanza bila hiyo, wanafunzi wakasinzia. Akiiweka, hakuna anayesinzia. Akawa anaiweka kila darasa, na kila akiiweka anameza machungu yake mwenyewe.

Mwezi uliopita habari zikafika Beni. Jamaa wa mwanafunzi mmoja, akizibiwa tairi, alimwambia Lukman kwamba huko Butembo anasifika, sauti yake inasikilizwa chuoni. Alisema kwa nia njema. Lukman akaacha tairi chini, akapanda gari la abiria, akapita barabara aliyokuwa ameapa kutoipita tena.

Alimkuta shemeji yake nyumbani, anachambua maharage na binti yake Faraja.

"Mama Faraja," alimwambia, "ile sauti ilimuuwa mudogo yangu. Juu ya nini unaiuwisha miye kila siku?"

Hadidja anasema hajapata kulia namna ile, hata siku ya mazishi. Alikuwa akidhani anawaokoa watoto wa watu. Hakujua kwamba kila Alhamisi anamzika shemeji yake akiwa hai. Walikubaliana jambo moja. Lukman angekuja darasani mara moja, asikie mwenyewe inafundishiwa nini. Kisha sauti ingefutwa.

Hiyo ndiyo sababu leo yuko benchi la nyuma.

Saa ya somo inakaribia kwisha pale Hadassa, yule wa mstari wa mbele, anaponyosha mkono. "Madame, ule mwenye alisema njia iko safi, alikuwa mutu mubaya? Alidanganya?"

Hadidja hageuki kumtazama shemeji yake. Anashika ukingo wa meza, anajikaza.

"Hapana. Hakudanganya. Alipita mwenyewe, aliona na macho yake, alisema kweli ya ile siku. Sisi njo tulichukuwa kweli yake, tukaivalisha siku ingine. Miye pia nilikuwa mu ile batu. Ule mutu hapana na kosa, munasikiya? Alitupendaka, njo alisema."

Lukman amejifunika uso kwa kofia. Wanafunzi wanakusanya madaftari yao taratibu na kutoka, na wawili watatu, bila kuambiwa, wanampa mkono wanapopita.

Wanapobaki wawili, Hadidja anampa simu. Kidole gumba cha Lukman, kigumu kwa mipira ya matairi, kinabonyeza kioo. Sauti inafutika, hapo simuni na kwenye kundi la darasa. Kisha Lukman anavaa kofia, anamwomba amsalimie Faraja, anasema afadhali awahi gari kabla mvua haijanyesha.

Mchana Hadidja anafagia chumba. Juma lijalo ni zamu ya wanasheria, na hana tena cha kuwasikilizisha. Hajutii, anasema, ahadi ni ahadi. Lakini uso wake haufichi kitu. Anachotaka sasa ni baraza likubali somo libaki, na siku moja lifike vyuo vya Beni, karibu na madereva wenyewe. Anataka kwenda kituoni kuwaomba waanze kila sauti kwa jina, siku na mahali.

"Niko naogopa batanicheka," anasema. "Batasema, uyu mujane anatufundisha kusema. Lakini nitaenda tu."

Simu yake inalia juu ya meza. Anaitazama, anaacha ufagio uanguke. Ni sauti kutoka kwa Lukman, si maandishi. Hadidja anakaa kwanza ndipo aibonyeze.

Kelele za injini zinatangulia. Halafu inakuja ile sauti nzito, polepole, kama mtu anayetembea baada ya ugonjwa mrefu. Kicheko cha zamani hakimo.

"Leo ni Alhamisi, saa sita ya muchana. Miye ni Lukman. Niko Maboya, mu njia ya Beni, ndani ya gari. Kutoka Butembo mupaka hapa nimeona na macho yangu, njia iko safi." Injini inaunguruma. "Ya mbele, bado sijaiona."