Pikipiki ya Baba Nyuma ya Lori

Juzi, mjini Shinyanga, niliona gari-nyumba la watalii likiwa limebeba pikipiki nyuma, mikanda imekazwa hadi springi zake zimelala, isiweze kucheza. Nikalikumbuka lori la pamba lililotubeba mimi, Baba na pikipiki yake kutoka Maganzo, nilipokuwa binti mdogo.

Baba alikuwa bwana shamba, na bila pikipiki ile asingevifikia vijiji vyake. Aliifunga kwa kamba ya katani, akaniambia, "Mama, ikicheza, gonga bodi," kisha akaketi mbele na dereva.

Nilikaa juu ya magunia yaliyonuka vumbi na mbegu za pamba. Kwenye kila shimo pikipiki ilishuka na kupanda. Nilidhani inapumua, nikafurahi. Sikujua kwamba kila pumzi ilikuwa ikiilegeza kamba. Ilipoinama, niligonga bodi kwa ngumi zote mbili. Lori likaongeza mwendo. Nikazidi kugonga, nalo likazidi kukimbia, mpaka pikipiki ikaanguka barabarani kwa kishindo, ndipo lori likasimama.

"Ukigonga mara moja, nasimama. Ukigonga mfululizo, naondoka!" dereva alifoka. "Nani asiyejua?"

"Mtoto hajui," Baba alijibu taratibu. "Sikumwambia."

Akaiinua pikipiki, usukani umepinda, akaanza kuisukuma kuirudisha kwenye lori. Nilishika kiti kwa nyuma, nikijua kuwa sisaidii chochote.