Fundi wa Malaba arudisha barabarani kigari alichokilemaza mwenyewe

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Daphine Aanyu amepiga magoti kando ya Fiat Uno nyekundu katika gereji yake ya Malaba, upande wa Uganda. Nyuma yake malori yamepangana hadi macho yanachoka, yakingoja kuvuka kwenda Kenya. Yeye hayatazami. Ameshika bolti ya gurudumu na anaizungusha kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto.

"Bolti ikikataa vidole, si yake hiyo," anasema. "Spana inakuja mwisho."

Kufikia saa sita mchana kigari hiki lazima kifike Mulanda, nyumbani kwa mwenyewe, kwa magurudumu yake chenyewe. Kisipofika, lori la vyuma chakavu litakibeba kwenda kukatwakatwa. Mwenye gari, mwalimu mstaafu Nathan Obbo, ameshakubaliana hivyo na wanawe, na mzee huyo si wa kubembelezwa.

Aanyu ana umri wa miaka thelathini na tisa. Anaishi kwa kutengeneza Toyota na matairi ya malori, na wiki ikiwa nzuri hubakiwa na shilingi laki moja na nusu za Uganda. Uno haimpi kitu. Mafundi wa jirani wamemcheka wiki nzima, wakimuuliza kama anafufua gari au anafuga kuku, maana kigari hicho kilikaa miaka kumi na moja nyuma ya jiko la mwalimu, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Hawakujua kwamba aliyekilemaza ni yeye.

Alikuwa na miaka ishirini, akijifunza ufundi kwa mzee Wanjala huko Busia, upande wa Kenya. Mwalimu Obbo alileta Uno ibadilishwe matairi, na bolti mbili za gurudumu la mbele zikapotea vumbini. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yamejaa mpakani, hufungwa magurudumu kwa nati. Uno hufungwa kwa bolti, tena zenye meno membamba. Aanyu akachukua mbili kwenye kopo la vyuma vya pikapu ya Kijapani. Unene ulikuwa uleule, meno tofauti. Zilipokataa kuingia, akachomeka bomba kwenye spana na kuzilazimisha.

"Nilifikiri nguvu ndiyo ufundi," anasema. "Kumbe nakula meno ya gari ya watu."

Karibu na Mwello, njiani kurudi Mulanda, gurudumu lilichomoka na kigari kikaingia shamba la mihogo. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Wanjala akalaumu mashimo ya barabara, naye Aanyu akanyamaza. Habu, kile kitovu cha gurudumu kinachopokea bolti, ilikuwa imeliwa meno; ikaungwa kwa kuchomelewa, kigari kikachechemea miaka minane, kisha kikalazwa.

Mwezi huu aliposikia kwamba kinauzwa kama chuma, alipanda boda hadi Mulanda kukiri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakutarajia pole. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa nini amekuja baada ya miaka kumi na tisa. Akajibu kwamba kila akifunga gurudumu la mtu, huliona lile. Mwalimu akampa wiki moja.

Habu nzima aliipata Busia kwa muuza spea, ikitumika kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Siku hizohizo redio ilitangaza kwamba kampuni moja ya Ulaya inarudisha kigari chake kidogo kwenye soko la Marekani. Majirani wakamwambia amepata wenzake ng'ambo. Aanyu aliichukua habari hiyo kwa uzito wake.

"Hao wako na kiwanda," anasema. "Mimi niko na spana na wiki moja. Tutaona nani anafika kwanza."

Saa tatu na nusu anawasha. Injini inakohoa, inazima, inakohoa tena, halafu inashika. Anapita Tororo, anaingia barabara ya vumbi, na mara mbili anasimama kugusa gurudumu la mbele asikie kama limepata moto. Halijapata.

Anafika saa tano na dakika ishirini. Lori limeshatangulia, wapakiaji wamekaa kivulini. Mwalimu Obbo hatabasamu. Anaomba gurudumu lile lifunguliwe.

Aanyu anapiga jeki, analifungua na kumkabidhi mzee bolti moja. Mwalimu anaizungusha kwa vidole vyake mwenyewe, na bolti inaingia hadi mwisho bila kinyongo. Anawageukia watu wa lori.

"Rudini salama," anawaambia. "Hapa hakuna chuma chakavu."

Kisha anamtazama fundi. "Umefaulu, mama."

Aanyu analia mbele ya watu wote, wala haoni haya. Ni machozi ya fahari, na miaka kumi na tisa inatosha kuyakusanya.

Mwakani anataka kupokea wasichana wanne kujifunza katika gereji yake. Moja ya zile bolti za pikapu aliikuta bado imekwama kwenye habu ya zamani, akaikata na kuitia mfukoni. Ataichomelea langoni, mahali ambapo kila anayeingia ataigusa.

"Mtu akija kujifunza, nampeleka hapo kwanza, hata spana sijampa," anasema. "Atauliza nani aliharibu hii. Nitamwambia ni mimi. Na ni mimi nilitengeneza."