Ubao wa Vinywa na Majani

Zuzu, hapo magharibi mwa Dodoma, mtu aliruhusiwa kuhesabu chochote isipokuwa vitu viwili: majani, kwa sababu ni ya Mungu, na ng'ombe, kwa sababu ukiwahesabu wanakufa. Matonya alihesabu vyote viwili. Kuhusu majani alisema Mungu hana haja ya kuficha hesabu zake. Kuhusu ng'ombe alisema, "Mimi sihesabu ng'ombe. Nahesabu vinywa." Wazee wakatazamana, wakakosa pa kumshikia, wakaenda zao kunywa pombe.

Alikuwa mtu mfupi mwenye miguu ya tege, na tundu la sikio lake lilikuwa kubwa kiasi cha kupachika kopo la ugoro. Ukimwona anatembea nyuma ya ng'ombe wake ungedhani wao ndio wanaompeleka malishoni. Lakini alikuwa tajiri, kwa utajiri wa Kigogo, ambao hauonekani wote ukisimama mlangoni. Mgogo mwenye akili hajazi ng'ombe wake wote zizi moja. Anawakoza: huyu anampeleka kwa rafiki, yule kwa shemeji, na rafiki anakunywa maziwa, anapata samadi, na kesho naye anakukoza wa kwake. Ugonjwa ukija, au wezi, haukuti kila kitu mahali pamoja. Kwa hiyo ng'ombe wa Matonya walikuwa wametawanyika: Zuzu penyewe, kwake, kwa Yotham na kwa shemeji yake Petro, Chemba kwa Sila rafiki yake wa ujana, mpaka Busi kule milimani kwa Mrangi mmoja aitwaye Mbwana. Na zizini kwake, katikati ya ng'ombe wake, walilala ng'ombe wa Sila, wakila na kunya kama watoto wa nyumbani.

Ujanja wa kuhesabu vinywa hakuzaliwa nao. Aliupata kwa nguvu, kama wenzake walivyopata viboko. Baada ya reli kufika Dodoma, jumbe wa Zuzu aliamriwa na boma la Wajerumani atoe watu wa kukata majani ya baghala. Matonya alikuwa amemwambia jumbe huyo, kwenye pombe, mbele ya watu, kwamba kilemba chake kinafanana na kiota cha korongo. Akawa wa kwanza kuchaguliwa.

Baghala ni mnyama ambaye baba yake ni punda, mama yake ni farasi, na tabia yake ni ya Mdachi. Hawa wa boma walikula kwa zamu, kwa kipimo, kwa filimbi. Msimamizi wao alikuwa ombasha Khamisi, askari wa makamo kutoka pwani, na kwenye ukuta wa banda lake ulining'inia ubao wenye matundu. Siku moja Matonya akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo, ombasha. Huu ni mchezo gani?"

"Marahaba. Si mchezo, Mgogo wee. Kila tundu ni mwezi. Vijiti vyeupe ni majani tuliyonayo, vyeusi ni vinywa vinavyoyala. Mwezi ambao vyeusi vinazidi, unajua leo kwamba siku hiyo utalia."

"Na ukishajua?"

"Unaongeza majani au unapunguza vinywa. Hakuna la tatu."

Matonya alirudi nyumbani mgongo umepinda na kichwa kimenyooka. Akakata kipande cha mninga, akachonga matundu saba, tangu mavuno mpaka mvua, akatafuta mbegu nyeupe na mbegu nyeusi. Kisha akapanda juu ya paa bapa la tembe lake, ambako mabua ya mtama na uwele yalikuwa yamelundikwa, akaanza kuyafunga mafungu na kuyataja moja moja kwa sauti. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama mabua yana majina pia. Mwingine akamshauri mke wake, Yudith, amwite mganga kabla hajaanza kuwahesabu kuku.

"Kuku hawali mabua," Matonya akajibu kutoka darini, "ndiyo maana wana akili kuliko wewe."

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya kiasi, si sana. Majirani walilisha mabua yao yote mwanzoni, wakati majani ya porini yangalipo, kisha wakaanza kuomba. Ng'ombe wa Matonya waliikuta mvua nundu zikiwa zimesimama. Hapo kicheko kikaisha na ndevu zikaanza kushikwa.

Sasa, kumsifu Matonya ilikuwa kama kumwagia maji mchwa: haachi kutoka. Alimfundisha kila aliyeuliza, na wasiouliza pia. Zaidi ya wote aliwafundisha wale waliomlelea ng'ombe wake, maana, kama alivyosema, ng'ombe wangu wakae kwa mtu anayejua hesabu. Alichonga ubao mmoja mmoja kwa mkono wake. Wa Sila aliupeleka mwenyewe Chemba, akakaa huko mpaka rafiki yake akaweza kuupanga akiwa amefumba macho. Wa Mbwana alimpa siku Mrangi huyo aliposhuka Dodoma na asali yake. Akamweleza haraka haraka, Mbwana akaitikia "naam, naam," akaufunga pamoja na mzigo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilinyesha mara moja, ikaona kazi ni ngumu, ikaacha. Mtama ulifika magotini ukakauka. Matonya alikaa mbele ya tembe na ubao mapajani, akaupanga, akaufuta, akaupanga tena. Nyeupe zilikwisha tundu la nne. Baada ya hapo ulikuwa weusi mtupu.

Yudith alikuwa anapepeta uwele hafifu pembeni yake. "Uza wawili watatu sasa, Baba Lydia. Bado wana nyama."

"Niuze mtaji wakati nina njia nyingine?"

"Njia gani?"

Akainua mbegu nyeusi kadhaa kutoka kila tundu, akaziweka kando, akazitandaza nyeupe upya, akatabasamu. Ubao ulikaa sawa, nyeupe kwa nyeusi, mpaka mvua. "Hawa ni wa Sila. Warudi kwao."

Yudith aliacha kupepeta. Ng'ombe wa kukozwa kurudishwa wakati wa njaa hakuna sheria inayokataza, lakini ni kama kumrudisha mgeni mlangoni mvua ikinyesha: unaweza, ila usije ukauliza kwa nini watu hawakusalimii.

"Na wako walioko kwa Sila," akauliza, "mbona siwaoni kwenye ubao?"

"Wale wanakula majani ya Chemba."

"Aha. Chemba kuna mvua yake."

"Mama Lydia, ubao umekaa sawa. Tazama!"

"Nautazama," Yudith akasema. "Hata kaburi likishajazwa linakaa sawa."

Alfajiri akawatoa ng'ombe wa Sila na kushika njia ya kaskazini. Njiani alitunga maneno atakayosema, matamu, yenye udugu mwingi na Mungu kidogo. Alikuwa amefika karibu na vilima vya Chenene, kwenye mto uliobaki mchanga, alipoona vumbi upande wa pili. Ndani ya vumbi kulikuwa na ng'ombe. Mbele yao kulikuwa na jike jekundu lenye pembe iliyovunjika, ambalo Matonya alilijua, kwa sababu alikuwepo siku pembe hiyo ilipovunjika. Nyuma yao alikuja Sila.

Walisimama, kila mmoja ng'ambo yake ya mchanga.

"Matonya! Unawapeleka wapi hao?"

"Kwako. Na wewe?"

"Kwako."

Ng'ombe hawakuwa na aibu yoyote. Walichanganyikana pale mtoni wakinusana.

"Sila, ndugu yangu. Nani amekufundisha tabia hii?"

"Wewe." Sila alitia mkono kwenye mfuko wake wa ngozi akatoa ubao. "Nimekuja nao. Nilijua utauliza. Sikutaka useme nimekutupa bila sababu."

Wakachuchumaa mchangani. Sila akazipanga mbegu, tundu baada ya tundu, na Matonya akamfuata kwa kidole akitafuta kosa kama mtu anayemtafuta chawa wa mkwewe: kwa bidii, na bila kutaka mtu mwingine aone. Hakulipata.

"Hesabu yako ni safi," akasema mwishowe.

"Nilikuwa na mwalimu mzuri."

Walicheka. Walicheka sana kuliko jambo lenyewe, wakishikana mabega, mpaka Sila akaanza kukohoa, na walipoacha hawakuweza kutazamana.

"Turudi," Matonya akasema. "Wewe urudi na wangu, mimi na wako. Tuseme hatukukutana."

"Nimekwisha kukutana na wewe."

Hapo ndipo palipouma. Njaa ingeweza kusamehewa, lakini kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake akija. Neno la namna hiyo likishatoka halirudishwi mdomoni. Wakawatenganisha ng'ombe, kila mtu akachukua wa damu yake. Wa Matonya walikuwa wengi kuliko aliowarudisha. Lile jike la pembe moja halikutaka kugeuka tena. Lilikuwa limetoka Chemba kwa miguu, likaona limefika. Likalala mchangani. Matonya alilivuta mkia, akaliimbia, akalitukana, kisha akaliacha.

Alipoingia Zuzu alikuta zizi limejaa. Yudith alikuwa amesimama langoni mikono kiunoni kama karani wa reli.

"Wamekuja wa kwa Yotham," akasema. "Wamekuja wa kwa shemeji yako. Waliowaleta wote wamekuja na mbao zao, wananionyesha. Petro alitaka kunifundisha."

"Na ukasema nini?"

"Nikawakaribisha maji. Ndiyo yaliyobaki."

Matonya aliketi na ubao wake. Alitumbukiza mbegu nyeusi mpaka zikamwagika nje ya matundu, zikaviringika vumbini, na majogoo wakazidonoa. Maisha yake yote alikuwa ameweka ng'ombe kwa watu ili siku mbaya isiwakute mahali pamoja. Na kwa mkono wake mwenyewe, kwa kipande cha mninga, alikuwa amewafundisha watu hao hao kuwakusanya wote mahali pamoja, siku mbaya yenyewe.

Akaenda Dodoma kwa Khamisi. Hakujua anakwenda kuomba nini. Ombasha alikuwa amekonda pia, na ubao ukutani ulikuwa na weusi mwingi.

"Nilikwambia mawili, Mgogo. Umejaribu kupunguza vinywa?"

"Nilivipunguza. Vikarudi."

"Basi ongeza majani."

"Yako wapi?"

Khamisi aliangalia mlangoni kwanza. "Boma nalo linauliza hivyo hivyo. Amri imetoka leo: kila tembe litoe mabua kwa ajili ya baghala. Kimbia nyumbani, kama unayo ya kuficha."

Matonya hakukimbia. Kuficha mabua ya darini ni kuficha dari. Alipofika watu wa jumbe walikuwa juu ya tembe lake wakirusha mafungu chini, na jumbe mwenyewe, kilemba kichwani, akiyapokea. Yalikuwa yamefungwa vizuri, yametajwa moja moja. Ilikuwa rahisi sana kuyabeba; yakabaki mafungu machache tu.

Alitafuta wa kumuuzia ng'ombe. Kila mtu alikuwa anauza, na mifupa haikuwa na mnunuzi. Akakata matawi ya miti, akachimba mizizi, Yudith na Lydia wakafumua hata nyasi za godoro. Ng'ombe wakaanza kulala na kutoamka. Kila asubuhi Matonya alitoka zizini, akaketi, akaondoa mbegu nyeusi kwenye ubao. Hakuna aliyemwuliza anafanya hivyo kwa nini. Ilipofika mwisho wa kiangazi nyeusi zilikuwa zimepungua hadi zikalingana na nyeupe, kisha nyeupe zikazidi. Khamisi alisema kweli. Hakukuwa na la tatu.

Mvua ilinyesha siku ambayo Lydia na mama yake waliivuta ngozi ya ndama wa mwisho kuianika, ikabidi waiingize ndani.

Majani yalipoota Matonya alikumbuka kwamba Mbwana wa Busi hakuleta ng'ombe. Akaenda, akitegemea kuambiwa walikufa. Alimkuta Mbwana uani, amekonda kama fimbo ya bakora, na mkewe Batuli, naye amekonda. Na chini ya mti, amefungwa kamba, mtamba mmoja wa Matonya, mbavu nje, akicheua.

"Walikuwa watatu," Mbwana akasema. "Wawili tumewazika. Samahani, bwana."

"Mbona hukunirudishia? Ubao haukukwambia?"

"Ubao?" Mbwana akageuka. Barazani watoto wake walikuwa wameinama juu ya kile kipande cha mninga, wakigombana. Walikuwa wameongeza safu nyingine ya matundu na sasa walicheza bao. "Nilisahau ulisema ni wa nini. Umechukia?"

"Hapana."

"Mgogo nawe! Unaleta mchezo, halafu unakuja kuuliza. Basi, huyu utamchukua leo?"

Matonya aliishika kamba ya mtamba. Alitaka kusema ndiyo. Alifikiria Chenene, na mchanga, na Sila ambaye tangu siku ile hawakupelekeana hata salamu.

"Akae," akasema. "Kama hujachoka naye."

"Nimechoka naye tangu mwaka jana," Batuli akajibu kutoka jikoni. "Akae."

Alirudi Zuzu peke yake. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, kwake kiunoni, na kwa mtu wa kawaida magotini, mazito, mabichi, kuanzia reli mpaka ukuta wa tembe. Hakukuwa na kinywa cha kuyala. Yalikaa pale mpaka kiangazi, yakakauka yakiwa yamesimama.