Jiwe Nililolisugua kwa Mchanga

Mama yangu, pale Ujiji, hakukubali mgeni aone sufuria yenye masizi. Alitupeleka ziwani, tukazisugua kwa mchanga mpaka viganja vikachubuka. Shule ilinishinda darasa la pili, lakini somo lile mkono haukulisahau, na ndilo lililonifedhehesha.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nafagia karakana ya chuo kimoja Kigoma. Mwalimu mmoja Mkongo, mkimbizi, alipewa kona aweke hadubini yake. Alikuwa akipasua ekzosi za magari, anatoa jiwe lenye vitundu kama sega la nyuki.

"Mzee, hili ndilo husafisha moshi," aliniambia. "Nachunguza kwa nini linachoka."

Jiwe moja alilifuatilia mwaka mzima. Wakubwa wa chuo wakiridhika nalo, wangempa kazi, atoke kambini na watoto wake.

Asubuhi ambayo wakubwa hao walitarajiwa kuja kulikagua, nikalikuta mezani, jeusi tititi. Nikaona aibu kama ya nyumbani kwangu. Nikalipeleka ziwani, nikalisugua kwa mchanga na sabuni, nikarudi najisikia kama bwana harusi.

Wageni wakafika. Mwalimu akainamia hadubini, kisha akanigeukia.

"Mzee," alisema taratibu, "yale masizi yamekwenda wapi?"

"Nimekusafishia, mwalimu. Si una wageni?"

"Masizi ndiyo yaliyokuwa kazi yangu."

Mgeni mmoja akafunga daftari lake. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikatoka kama naenda kujisaidia. Sijarudi mpaka leo.