Magoli Kwenye Mizani

Timu yetu iliposhuka daraja, nilimtukana kipa wetu mbele ya mama yake. Mwenyezi Mungu nimeshamwomba msamaha. Yeye kipa bado.

Juzi nilimkuta hapa Kibiti kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye na katibu wa timu walikuwa wanashusha kutoka kwenye mkokoteni magoli ya uwanja wetu, yale ya chuma, yameshakatwa vipande.

"Tuongezee kidogo, mwanangu," katibu alimsihi mnunuzi. "Haya yamechezewa ligi ya juu."

"Mizani haijui ligi, babu."

Katibu akanieleza huku anatazama chini. Wafadhili waliondoka siku ile ile tuliyoshuka. Nauli ya kwenda mechi ya Jumamosi hakuna, na timu isipotokea inafutwa.

Kipa alivisogelea vile vipande. Aliweka kiganja juu ya mlingoti mmoja, kisha wa pili, akanong'ona Bismillahi, kama afanyavyo kabla ya kila mechi.

"We kaka, chuma nacho unakisomea dua?" mnunuzi alicheka.

"Kimeniokoa mara nyingi," alijibu, akakipandisha mwenyewe kwenye mizani.

Nilitaka kumwomba radhi pale pale. Nikamsaidia kubeba tu.

Basi, tumeuza magoli ili tukacheze mpira. Nauli imepatikana, lakini Jumamosi inayofuata mechi ni nyumbani, na uwanja umebaki mtupu. Ndugu msomaji, kama una miti mirefu iliyonyooka, tuletee. Tunahitaji sita.