Video Niliyochukua Nyuma ya Tangi

Nishawahi kumwona mtu akifanya mazoezi ya kulia. Sitanii.

Tulikuwa tunamzika Muriithi, mume wa Ciku, huko Murera. Mimi na Ciku tumetoka mbali, tangu shule ya msingi Thika. Siri zake zote ninazo.

Lakini siku hiyo bega alilolilia lilikuwa la Jentrix, jirani wa Ruiru aliyemjua mwaka jana tu. Jentrix akilia, hema zima linalia. Mimi nilipewa birika la chai nizungushe.

Niliona wivu. Usiniambie wewe hungeuona.

Watu walipoanza kwenda kaburini, Jentrix akachepuka nyuma ya tangi la maji. Nikamfuata. Alikuwa anajitazama kwenye kamera ya simu, uso mkavu kabisa. Akakunja midomo, akatikisa mabega, machozi yakaja. Akaacha. Uso ukakauka tena. Akarudia.

Nikatoa simu, nikamrekodi. Leo umeshikwa, mama.

Asubuhi yake nikaitupa video kwenye grupu yetu ya WhatsApp, sisi marafiki wa Ciku.

"Cheki huyu mnafiki! Hana hata huruma!"

Jentrix alijibu wa kwanza, bila hasira. "Ni ukweli. Mtu akilia mimi sisikiangi kitu, tangu nikiwa mdogo. Nafanyanga mazoezi kwa sababu uso yangu ikikaa kavu, mwenye amefiwa anaumia zaidi."

Ciku akaandika: "Aliniambia kitambo. Na ni yeye amekuwa akinilisha na kuosha watoto wangu hizi wiki mbili."

"Lakini Ciku, ni feki!"

"Maggie, umeskiza hiyo video yako?"

Sikuwa nimeisikiliza. Nikaongeza sauti.

Kwa mbali, kaburini, Ciku anapiga nduru akimwita Muriithi. Na hapo karibu na simu kuna mtu anacheka chinichini, kwa raha zake.

Ngai, Mungu wangu. Ni mimi.

Ciku alinitoa kwenye grupu. Ni miezi minane sasa, na simu zangu hashiki. Juzi niliwaona sokoni Ruiru, Jentrix amembebea kiondo. Bado niliona wivu.

Mnaosoma hapa, chukueni hili. Jentrix alizaliwa bila kusikia uchungu wa mwenzake, na kila siku anajikaza kumsaidia. Mimi nilizaliwa nikiusikia wote. Siku rafiki yangu alipomzika mumewe, niliamua kutousikia.