Pumzi Ndani ya Dohani

Juzi nilipita Galu, jirani na Diani, nikaona nyumba kuukuu ikibomolewa, dohani yake ya kutolea moshi ingali imesimama. Papo hapo nikakumbuka harufu ya chokaa mbichi.

Nilikuwa mtoto, uhuru umekaribia, na Wazungu wengi walikuwa wakiondoka. Nyumba moja ya Diani iliachwa na bibi wa Kizungu aliyesafiri bila kuaga mtu. Mmiliki mpya alimwita baba yangu, fundi mwashi, aipige dohani lipu kwa ndani na kuziba nyufa zilizopitisha mvua. Mchana nilimpelekea chakula. Baba alikuwa juu ya paa, nami nikamngojea chini, mbele ya meko yaliyonuka masizi na majivu yaliyolowa.

Ndipo nikasikia mtu anapumua ndani ya ukuta, pumzi nzito za kukoroma, kama za mgonjwa. Nikajua ni yule bibi. Kumbe hakusafiri.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Pumzi zikakatika. Kisha masizi yakadondoka polepole.

"Baba, usizibe! Bibi yumo humu!"

Baba akashuka, akasikiliza, akaingiza mkono hadi begani. Akatoa makinda mawili ya bundi, nyuso nyeupe, yakikoroma. Akayaweka ndani ya kapu, akalipeleka bandani.

"Kumbe ni ndege tu," nikasema aliporudi.

Baba alikuwa ameinamia meko. Hakucheka.

"Twende zetu, mwanangu. Ndege tumewatoa, na bado kuna mtu anapumua."

Leo najua kwamba upepo wa bahari ukiingia kwenye dohani tupu husikika hivyo. Baba, fundi wa miaka mingi, alilijua hilo kunishinda. Lakini hakurudi kuimaliza kazi ile.